Kipande cha Shaba cha Sleyum

Jana mjukuu wangu kamwaga bakuli la ukwaju jikoni, na mie badala ya kumfokea nikavuta kiti nikakaa. Akadhani presha imenipanda. "Bibi, nimwite Mama?" Nikamwambia niache, nanusa.

Ukwaju uliorowekwa, wenzangu wa rika langu mnajua, kila mtu una kwake pa kumpeleka. Wengine unawapeleka kwenye samaki wa kupaka, wengine kwenye futari. Mie unanipeleka kwa Baba, kakaa juu ya mkeka katika chumba chetu cha Maskati, chumba kilichokuwa na joto la tanuri, anasugua vipande vyake vya shaba kwa ukwaju na majivu. Anasugua polepole, kama mtu asiyekuwa na pahala pa kwenda. Na kweli hakuwa napo.

Siku hizi wako watu wanakusanya vitu vya kale wakaviweka kwenye plastiki, hawavigusi ila kwa ncha za vidole. Wakisikia kwamba kipande cha enzi za babu wa babu kilikuwa kinasuguliwa kwa ukwaju, watazimia. Na wazimie. Sisi plastiki hatukuwa nayo, tulikuwa na ukwaju.

Vipande vyenyewe vilikuwa si pesa. Baba alilirudia hilo kwa kila aliyevishika akaanza kuuliza thamani yake. Zamani hizo huko Unguja, karne ambayo hata bibi yangu hakuikuta, alikuwepo tajiri mmoja wa vitambaa. Tajiri yule akatengenezesha vipande vya shaba ya manjano, vya mviringo, vikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Kila aliyenunua nguo kwake alipewa kimoja bure. Upande mmoja picha: mizani, birika, saa, jogoo. Upande wa pili maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: *Rudi, utatukuta.* Ndiyo tangazo lake hilo, halina zaidi. Redio hamna, gazeti hamna, mtu anatembea mjini na duka la mwenziwe mfukoni.

Baba alianza kuvikusanya tangu ujana wake. Alivitoa makashani kwa mabibi, alivitoa kwenye kofia za watoto, kimoja alikitoa mtaroni kwa mkono wake, na Mama hakukisahau kisa hicho mpaka anakufa. Alijaza kopo zima la biskuti. Siku tulipoyakimbia mapinduzi, kopo likabaki bandarini na vitu vingine. Sitaki kulieleza hilo, kila mmoja wenu analo kopo lake. Vilivyookoka ni vinne tu, kwa sababu Bibi, mama yake Baba, alikuwa kavifunga fundo kwenye pindo la kanga yake bila ya kumwambia mtu.

"Nliviona viko juu juu koponi," alisema, "nikajua hivi vikipotea vyote, mwanangu atalia, na mie kilio cha mwanamme mzima siwezi kukibembeleza."

Mie nilikuwa darasa la tatu. Na darasa la tatu ndipo nilipokoma, maana Maskati ya wakati ule skuli ya wasichana hapana. Kwa hivyo shahada yangu kubwa mpaka leo ni mdomo.

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtoto inavyopika. Ndani ya meli iliyotuleta, kila kichwa kilipewa kipande cha bati cha mviringo, kina namba. Bila ya kipande huli, na bila ya kipande hushuki. Nilimwona kwa macho yangu mwanamke mmoja kakipoteza chake, kawekwa kando pale ngazini analia, mpaka mumewe akapiga kelele na kukipata ndani ya kiatu. Tulipofika, wakavikusanya vyote wakaondoka navyo. Halafu baada ya siku chache, chumbani kwetu, Baba akafungua fundo la kanga ya Bibi akatoa vipande vya mviringo vimeandikwa *Rudi*. Tuko Baba, Mama, Bibi na mie. Vipande vinne. Mngefikiri nini nyinyi? Mie niliona mambo yako wazi kama jua: vile vya bati ni vya kuja, hivi vya shaba ni vya kurudi. Na Baba anavisugua kila siku vising'oke maandishi, tusije tukakataliwa ngazini.

Sikumuuliza mtu. Kitu kilicho wazi kinaulizwa?

Nikawa natulia kuliko wakubwa. Mama anaugua joto, analala chini sakafuni anatafuta ubaridi wa saruji. Bibi anagombana na maji ya kununua, ati yana ladha ya punda. Watoto wa mtaani wananiita Zinjibari, nami nawajibu kwa Kiswahili matusi wasiyoyajua huku nimetabasamu, wakidhani nawasalimia. Yote yananipita. Sisi hapa ni wapita njia, tiketi zimo fundoni.

Baba kila asubuhi anavaa kanzu yake safi anakwenda kukaa nje ya ofisi moja kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Adhuhuri anarudi, kanzu imemganda mgongoni.

"Wamesemaje?" Mama anauliza kwa kuinua nyusi tu, maana hata sauti inachosha.

"Bukra, insha'Allah. Kesho, wanasema."

"Huyu Bukra," Bibi anasema, "ana miguu mirefu kweli. Kila tukimkaribia, keshafika mbele."

Halafu akazaliwa Sleyum.

Watu walifurahi. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu meli. Bibi akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Mie nikakaa pembeni nahesabu vichwa, na hesabu haikubali. Tumekuwa watano. Vipande vinne. Nikamtazama yule mtoto, mwekundu, kakunja ngumi, na mkononi hana kitu. Nilimwonea huruma. Maskini, hajui hata kama amechelewa.

Nikamwendea Bibi akisuka ukili. "Bibi, meli inampakia mtoto asiye na tiketi?"

"Meli haipakii hata maiti bila ya tiketi. Niondokee usinipotezee mkono."

Basi. Usiku wangu ukawa mrefu, na mchana wangu mrefu zaidi. Niliona mambo mawili tu: ama Sleyum ataachwa, ama Mama atabaki naye na sisi tutaondoka. Na Mama namjua, hatamwacha. Kila nikimfikiria Mama kasimama ngazini na yule mtoto, nakwenda kumtazama alipolala.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Raya. Mzaliwa wa Maskati, lakini mumewe kakulia Unguja, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda na kukwama. Alikuwa na watoto wengi, na wa mwisho jina lake Hamudi, dume la mtoto, linene, limekaa kama gunia la mchele mlangoni kwao. Siku moja nimepelekwa kuomba chumvi, Hamudi kanikamata nguo, nikainama kumbandua. Nikaona shingoni kwake, kwenye uzi mweusi, kipande cha shaba. Jogoo. Nikakigeuza. *Rudi, utatukuta.*

Chumvi nikaimwaga.

"Bi Raya, hiki mmekipata wapi?"

"Hii ya babu wa mume wangu. Mwenyewe mume alikuja nayo kutoka Zinjibar. Watoto wangu wote wamevaa. Hasadi haimshiki mtoto, wallahi, jogoo anamuwikia."

"Na akishakua?"

"Siku anatembea, tunatoa shingoni. Tunaweka kwenye hol-hol."

Hol-hol, kwa asiyeijua, ni furaha ya mtoto. Anakalishwa katikati ya watoto wenziwe, mtu mzima anammwagia kichwani bisi, njugu, peremende na vijisenti, na watoto wanagombania chini. Kwa Bi Raya kile kipande kilikuwa kinamwagwa pamoja na vitu vingine, na aliyekiokota alikirudisha akapewa halua, kwa sababu mtoto mwengine yuko njiani.

"Lakini Hamudi ndiye wa mwisho," Bi Raya akasema, kajishika kiuno. "Mie nishafunga duka. Safari hii, anayeokota, yake."

Nilirudi nyumbani bila ya chumvi na kazi ninayo. Hamudi atembee. Na atembee kabla ya meli kuja.

Wallahi, kazi nimezifanya nyingi maishani, nimezaa, nimelea, nimepika harusi za watu mia tano, lakini kazi ya kumtembeza Hamudi sijaiona mfano wake. Mtoto hataki. Anakula, anakaa, anatazama. Ukimsimamisha anakunja magoti kama kitanda cha kukunja. Kila alasiri, kivuli kinapoanguka kichochoroni, nilimtoa nje nikamshika makwapa na kumkokota mpaka kisimani na kurudi. Mgongo wangu ukawa wa bibi kizee. Nilimwekea tende mbele, akalala kifudifudi akaifuata kwa tumbo kama kenge. Nikamwimbia. Nikamtisha. Nikamnong'oneza sikioni, "Hamudi, baba, ndugu yangu ataachwa kwa ajili yako," naye akanitazama akatema tende kanzuni kwangu.

Mtaa mzima ukanisifu. "Shuf, yule binti wa Kizinjibari anavyopenda watoto!" Bi Raya akaniombea mume mwema. Shamsa, binti yake wa rika langu, akaninunia, ati namnyang'anya ndugu yake. Bibi peke yake hakudanganyika. Alikaa mlangoni na ukili wake akanipima kwa jicho moja.

"Zuwena."

"Lebeka."

"Mtoto wa watu unamtakia nini?"

"Nampenda."

"Wee? Wee hata ndugu yako hujamfuta pua wiki hii. Sema."

"Nampenda, Bibi."

"Haya," akasema. "Mapenzi yatakutoa ngiri."

Ilikuwa siku ya joto ambalo hata mbwa hawabweki. Nimechoka, nimemwachia Hamudi mikono nikaegemea ukuta, sina haja naye tena, meli na ije inikute. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Hamudi kasimama peke yake katikati ya kichochoro. Mwenyewe kashangaa. Halafu akatoa mguu, akatoa wa pili, akaniangukia mapajani na uzito wake wote. Nilipiga ukelele uliomtoa Bi Raya ndani na unga mikononi.

Hol-hol ikafanywa Ijumaa baada ya sala. Watoto wa mtaa wote, na Bibi yangu kakaribishwa kwa heshima, kakaa mkekani na baibui lake limemwagika pande zote. Hamudi kavikwa kofia mpya, anatazama watu kama kadhi. Mimi peremende sizioni, bisi sizioni. Macho yangu yako juu ya mkono wa Bi Raya.

Akamwaga. Yallah, vumbi! Viwiko, vichwa, nywele. Nikasikia shaba inalia juu ya jiwe, nikaliona lile jogoo linabingiria, nikajitupa. Shamsa naye akajitupa. Tukagongana paji kwa paji nikaona nyota mchana. Tulipofumbua macho kipande hakipo. Tukapekua mkeka. Tukapekua mifuko ya wadogo. Shamsa akalia. Mie sikulia, nilikaa tu katikati ya njugu zilizokanyagwa. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtoto hatakiwi kuijua. Nikaanza kufikiri Mama atakaa wapi pale ngazini, na nani atamchotea maji.

Watu wakaanza kuondoka. Bibi hakuinuka.

"Nishike mkono," akaniambia. Nikamshika. Akajiinua polepole, na alipokuwa ameniegemea, akanitia kitu kwenye kiganja, akakifunga kwa vidole vyake.

"Kiliniingia ndani ya baibui chenyewe," akasema. "Shamsa ana ndugu wengi wa kumfuta machozi. Utanieleza njiani."

Njia yenyewe ni ya kutoka mlango mmoja mpaka mlango wa pili. Tukafika sijaanza.

Baba alikuwa karudi, kavua kanzu, kakaa na fulana, miguu ina vumbi mpaka magotini. Siku ile Bukra alikuwa kamchosha kupita kiasi, hata ukwaju hakuushika. Nikamwekea kipande mbele yake juu ya mkeka.

Akakitazama. Hakukigusa kwanza. "Jogoo," akasema, kama anamwita mtu. Halafu akakichukua, akakigeuza, kidole kikapita juu ya maandishi. Mwaka mzima sikuwa nimemwona na uso ule. "Zuwena, hiki umekitoa wapi?"

"Hol-hol ya Hamudi. Cha Sleyum hicho, Baba. Sasa tumetimia. Meli ikija, twende."

"Twende wapi?"

"Kwetu. Si tiketi hizo? Chako, cha Mama, cha Bibi, changu. Sleyum alikuwa hana. Si zimeandikwa."

Bibi akaanza kucheka. Halafu akaacha, akaushika ukili wake. Mama alikuwa ananyonyesha, akageukia ukutani, nikaona mabega yake tu. Nikajua nimesema kitu, lakini sikujua ni kipi.

"Nani kakwambia ni tiketi?" Baba akauliza.

"Hapana aliyenambia. Nimejua mwenyewe."

Angeweza kucheka. Angeweza kunieleza habari ya tajiri wa vitambaa, aliyowaeleza wakubwa mara mia. Alikitazama kile kipande, akamtazama Sleyum, akanitazama mie na uvimbe wangu wa paji la uso.

"Ehee," akasema. "Basi tumetimia. Niletee ukwaju."

Toka siku ile, kila honi ya meli ikilia bandarini, mie namwosha Sleyum uso namvika nguo ya Idi. Baba anatoka nje anatazama, anarudi. "Si hii, Zuwena. Hii inakwenda Bombay." Mara nyengine, "Si hii, hii ya mizigo." Hakusema hata siku moja kwamba hakuna. Ikafika wakati nikaacha kumvika Sleyum, yeye mwenyewe keshaanza kunikimbia. Halafu nikaacha kuuliza. Sikumbuki siku niliyoacha. Mtu hakumbuki siku aliyopata usingizi.

Baadaye mambo yakabadilika, nyote mnakumbuka, akaja Sultani mpya, milango ikafunguliwa, redio zikaimba, kazi zikapatikana. Bukra akafika, mvi zimeshamjaa Baba kichwani. Na watu wakaanza kuja kutoka kule kule, shangazi, binamu, majirani wa mtaa wetu, kila siku wageni, wamelala mpaka juu ya paa. Bibi akawa anawagawia mito na kunung'unika: "Sie tulingoja kurudi tuwakute. Wamekuja wao kutukuta."

Wakati huo huo nilikwenda sokoni Matrah, msichana mkubwa, kununua kitambaa cha harusi. Mwenye duka akanipa bure kishikio cha funguo kimeandikwa jina la duka lake na maneno *Karibu tena*. Nikasimama pale pale na kishikio changu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilicheka mpaka mwenye duka akaingiwa na wasiwasi, akaniongezea kishikio cha pili. Nyumbani sikumwambia mtu.

Katika sisi watano, aliyerudi ni mmoja. Sleyum. Yule mzaliwa wa Maskati, na kitambi chake na miwani yake, alikwenda kutembea Unguja. Mama na Bibi walikuwa wameshalala makaburini hapa hapa. Baba alikuwa anaishi kwangu Ghubra, haoni vizuri, kutwa kakaa chini ya kiyoyozi na blanketi magotini, analalamika baridi, yeye! Kabla Sleyum hajaondoka nikamtia jogoo lake mkononi. "Tiketi yako. Hiyo imenitoa uvimbe, usije ukaipoteza."

Akakaa wiki, akarudi analalamika mbu. Akamwinamia Baba akambusu mkono. Baba hakumuuliza chakula wala hali ya hewa.

"Uliwakuta?"

Sleyum akanitazama. Alikuwa keshanieleza kwenye simu: kauliza mtaa mzima, akaonyeshwa pahala, kakuta kijana anauza vifuniko vya simu. Kamwonyesha kipande, kijana kamwambia, "Mzee, hiyo haitumiki."

"Nimewakuta, Baba," Sleyum akasema. "Wanakusalimu sana."

Baba akatikisa kichwa, akacheka bila ya sauti. "Mwongo kama dada yako." Halafu akanyoosha mkono. "Nileteeni ukwaju."

Akavisugua vyote vitano kwa kupapasa, ilimchukua alasiri nzima. Akamrudishia Sleyum jogoo. "Hiki chukua. Chako kimeshatumika." Vile vinne akanipa mie niviweke.

Ninavyo, chumbani, ndani ya kijaluba cha hina. Jana, baada ya kupangusa ukwaju wa mjukuu wangu, nilivitoa nikaanza kusugua. Mjukuu akakaa ubavuni, akauliza ni vya nini. Nikamwambia ni vya meli.

"Vinafanya kazi?"

"Havijatumika bado," nikamwambia, nikampa kile cha birika ashike.